Kompyuta 12, wanafunzi 84: nizitumieje zisiishie kufungiwa chumbani?

Mwalimu_wa_Hesabu:

Habari zenu wadau wa elimu. Nafundisha hesabu sekondari na nina jambo ambalo siwezi kulimaliza peke yangu. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Shule yetu imeahidiwa kompyuta 12 za mezani, zilizotumika. Ni shule ya watoto wa kipato cha chini. Darasa langu kubwa lina wanafunzi 84. Umeme upo ila unakatika ovyo, na intaneti hatuna zaidi ya bando la simu ya mwalimu mwenyewe. Mkuu wa shule amefurahi mno: ameshatenga chumba na kuagiza mlango wa chuma na makufuli mawili. Ratiba aliyoipendekeza ni kila mkondo uingie mara moja kwa wiki, wafundishwe kuwasha, kuzima na kuchapa barua.

Hapo ndipo moyo wangu unapogoma. Kabla ya kuja hapa nilifundisha shule ya watoto wa wenye nacho. Chukueni mada moja tu, grafu za kwadratiki. Kule kila mtoto alikuwa na kompyuta mpakato mbele yake na programu ya GeoGebra. Unampa y = ax² na kitelezi cha kubadilisha thamani ya a. Anaburuta: a ikiongezeka mkunjo unabana, ikipungua unatanuka, ikishuka chini ya sifuri unapinduka kichwa chini. Msichana mmoja akaisimamisha a kwenye sifuri kabisa, akapaza sauti: "Mwalimu njoo uone, umenyooka!" Mkunjo ulikuwa umegeuka mstari, umelala juu ya mhimili wa x. Darasa zima likaanza kubishana kwa nini, na mimi nilikuwa bado sijasema neno.

Hapa nilipo, mada hiyohiyo naichora kwa chaki. Nachora a ikiwa 1. Nachora a ikiwa 2. Nafuta kupata nafasi, nachora a ikiwa −1, kengele inalia. Aliyekaa nyuma amenakili nusu. Hakuna aliyepata mwanya wa kujiuliza itakuwaje kwenye sifuri. Nawaambia mimi, wanaandika kwenye daftari kwamba "a isiwe sifuri", tunasonga mbele.

Nimewafundisha wote, hivyo nalisema hili bila kusita: akili ni zilezile. Wa kule amepata nafasi ya kugundua, wa hapa anapewa jibu la kukariri. Kisha wote wanapangwa kwa mtihani mmoja na tunasema huyu ana kipaji, yule hana.

Sasa naombeni ushauri kwa mambo mawili. La kwanza, kompyuta 12 kwa watoto 84 mnazigawaje ili kila mmoja apate kitu cha maana? La pili, namshawishije mkuu wangu, ambaye ni mtu mwema na ana hofu ya kweli ya wizi, kwamba kujua kuwasha na kuzima hakutoshi?

---

Fundi_wa_Seva:

Hongera, Mwalimu, na pole kwa pamoja. Mimi ni fundi, nimeingia kwenye maabara nyingi za shule. Zilizokufa ni nyingi kuliko zinazopumua, na nyingi zimekufa kifo kimoja: siku ya kukabidhiwa kulikuwa na utepe na picha, lakini hakuna aliyeandika nani atazitunza na kwa fungu gani.

Kabla hamjazipokea, muulizeni mfadhili kompyuta ni za mwaka gani, zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, na diski ni ya kuzunguka au ni SSD, ile ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi. Kama zinakuja na Windows 10, mjue Microsoft ilisitisha msaada wake, yaani masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine nyingi kuukuu hazikidhi vigezo hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwapa msaada na wakati huohuo anajiondolea mzigo. Dawa ipo: wekeni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni bure, haihitaji leseni, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 na SSD ndogo itafanya kazi bila kumtesa mtoto. GeoGebra inaendeshwa humo vizuri.

Kuna kijibetri cha duara kwenye ubao mama, CR2032. Kikiisha, kila ukizima kompyuta inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma, halafu tovuti zinagoma kufunguka kwa sababu tarehe haziendani. Nimekuta shule imeweka mashine nzima pembeni ikiamini zimeharibika, kumbe ni hicho kijibetri, ambacho hata mwanafunzi anaweza kukibadilisha. Nakitaja kwa sababu ndivyo vifaa vinavyokufa kwenye shule isiyo na fundi. Tatizo la dakika tano linageuka msiba wa kudumu.

Umeme nao mtazame mapema. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake hula kati ya wati 100 na 150. Zidisha mara 12, uko kati ya wati 1,200 na 1,800, na mfumo wa sola wa kubeba mzigo huo si mchezo. Mpakato hula wati 30 hadi 60 na ina betri yake, umeme ukikatika kipindi kinaendelea. Kama mfadhili anakubali kubadilisha, mpakato 8 zina faida kwenu kuliko za mezani 12.

Kuhusu intaneti, msiisubiri. Chukueni kompyuta moja, hata Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja kinachokula wati chache tu, iwe seva, yaani mashine inayotunza masomo na kuyagawa kwa nyingine. Wekeni Kolibri, programu ya masomo iliyotengenezwa makusudi kwa shule zisizo na mtandao, na Kiwix inayobeba Wikipedia nzima ndani ya diski. Unapakua mara moja mahali penye mtandao, unabeba, unaunganisha na ruta, na kompyuta zote chumbani zinasoma kutoka hapo bila bando. Majaribio ya fizikia na kemia ya kwenye skrini yaitwayo PhET yanapakuliwa vilevile, na Scratch, ya kufundishia watoto kuandika programu, ina toleo lisilohitaji mtandao.

---

Mwl_Fizikia:

Mwalimu mwenzangu, mimi niko upande ule uliotoka wewe, shule yenye kila kitu. Nimesoma habari ya yule binti na sifuri nikatabasamu, maana mambo hayo nayaona karibu kila wiki. Niongeze tu ambayo mgeni akitembelea shule yetu hayaoni.

Anaona vishikwambi na ubao wa kidijitali. Haoni kwamba projekta ikizima katikati ya kipindi, kuna mtu jengoni ambaye kazi yake ni kuja kuiwasha, na anafika kabla watoto hawajaanza kelele. Haoni kwamba mimi nina vipindi vichache, kwa hiyo napata saa za kuandaa somo la kompyuta na kulijaribu kwanza. Haoni kwamba mtoto akifika nyumbani anaendelea pale tulipoishia. UNICEF na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walitoa hesabu mwaka 2020, katikati ya janga la korona: watoto na vijana bilioni 1.3 wa miaka 3 hadi 17, yaani theluthi mbili ya rika hilo duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Wangu wote walikuwa nayo. Shule zilipofungwa sisi tulihamia mtandaoni wiki ileile.

Kuna utafiti wa Mark Warschauer na wenzake, uliochapishwa 2004, ambao waliingia shule nane za sekondari za California, za matajiri na za maskini. Uwiano wa wanafunzi kwa kompyuta haukutofautiana sana. Tofauti ilikuwa kwenye mazingira ya matumizi, msaada wa kiufundi na jinsi kifaa kilivyoingizwa kwenye somo lenyewe. Kwa hiyo wasiwasi wako juu ya "kuwasha, kuzima, kuchapa" una mashiko. Mtoto wa tajiri haendi darasani kujifunza kompyuta, anaitumia kujifunza hesabu. Wako akiishia kujifunza kibodi, pengo linabaki palepale hata baada ya msaada kufika.

Sasa mgawanyo. Usiwaingize wote 84. Gawa nusu kwa nusu: 42 kwenye kompyuta, 42 darasani wakifanya kazi ya daftari inayohusiana na hiyohiyo, kisha wabadilishane. Mnapata watoto watatu au wanne kwa mashine. Na hapo weka sheria moja usiyoilegeza: anayeshika kipanya haamui, na anayeamua hashiki kipanya. Mmoja anasema "punguza a", mwingine anapunguza, wa tatu anaandika walichotarajia na walichokiona. Baada ya dakika chache, kila mtu anahama kiti. Bila sheria hii, mwenye kiwiko kikali ataikalia kompyuta muhula mzima na wasichana wengi watabaki kuchungulia begani. Nimeliona hata kwetu, ambako vifaa havina upungufu.

Ukipewa kuchagua kitu kimoja cha kuomba zaidi, omba projekta. Kompyuta moja na projekta ndani ya darasa la kawaida inawahudumia wote 84 kwenye somo lako la Jumatatu asubuhi. Waambie wachore kwanza kwenye daftari wanachodhani kitatokea a ikiwa nusu. Wote wakishachora, ndipo uburute.

---

Mstaafu:

Mwalimu, nimefundisha na baadaye nimekagua shule hadi kustaafu. Nakuuliza kama mzazi wako, usinichukie: maktaba yenu ina vitabu? Watoto wanne wanagombea kitabu kimoja cha hesabu au kila mmoja ana chake? Maana nimeona vifaa vikija kwa shangwe huku choo hakina mlango.

Mradi wa mpakato moja kwa kila mtoto, ambao Nicholas Negroponte aliutangaza mwaka 2005, ulinunuliwa na Peru kwa mamia ya maelfu ya mashine. Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikafuatilia shule 319 za msingi, nyingi za vijijini. Ripoti ya 2012 ilikuta kompyuta zimejaa, watoto wanazitumia kweli, lakini alama za hesabu na lugha hazikusogea. Mtoto alipewa mashine, mwalimu hakuandaliwa vya kutosha, na humo ndani hakukuwa na kilichofungamana na mtaala. OECD, umoja wa nchi nyingi zilizoendelea, nao 2015 wakasema wazi kwamba kumhakikishia kila mtoto msingi wa kusoma na hesabu kunasaidia usawa katika ulimwengu wa kidijitali kuliko kutandaza vifaa tu.

Sisemi kompyuta hazifai. Nasema zikija, zije na kazi. Delhi, India, kulifanyika jaribio la programu iitwayo Mindspark kwa watoto wa sekondari ya chini wa familia za kipato duni. Wale wa darasa la sita walikuwa nyuma kwa takriban madarasa mawili na nusu katika hesabu. Programu ilimpima kila mtoto na kumwanzishia pale alipo, siyo pale kitabu kinapodai awe. Dakika 45 kwenye kompyuta, dakika 45 na mwalimu katika kundi dogo. Ndani ya miezi minne na nusu walisonga mbele sana, na matokeo yakachapishwa 2019. Kwa nini Delhi ikafaulu na Peru ikashindwa? Tafuta jibu hilo kabla hujafungua maboksi.

---

Mwalimu_wa_Hesabu:

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma taratibu, na habari ya Peru nitaipeleka mezani kwa mkuu kama ilivyo, kwa sababu ratiba yake inakwenda hukohuko.

Lakini kwenye vitabu naomba nikujibu kwa heshima. Vitabu vinatosha nusu, watoto wawili kwa kitabu. Vyoo vina milango. Na hata visingekuwa nayo, swali hili la "vitabu au kompyuta" mbona tunaulizwa sisi tu? Nilipokuwa shule ile nyingine hakuna aliyewahi kumwambia mkuu wa shule achague. Walikuwa na maktaba, na maabara, na kompyuta, na bwawa la kuogelea. Mtoto maskini ndiye kila mara anaambiwa subiri, tumalize hiki kwanza. Ameanza kusubiri darasa la kwanza na sasa ana miaka 16. Wakati yeye anasubiri, mitihani inahamia kwenye skrini. PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ilihamia kwenye kompyuta katika nchi nyingi tangu 2015, na SAT, mtihani wa kuombea vyuo wa Marekani, imekuwa ya kidijitali, ikianza nje ya Marekani 2023 na ndani 2024. Mtoto ambaye hajawahi kushika kipanya anapimwa kipanya kabla hajapimwa hesabu.

UNESCO kwenye ripoti yao ya 2023 walisema duniani kote ni asilimia 40 tu ya shule za msingi zenye intaneti, na asilimia 65 za sekondari ya juu. Naangalia hizo takwimu na kujua kabisa wanangu wako upande gani. Sitaki wahurumiwe. Nataka wapewe nafasi ya kubishana kwa nini mkunjo umenyooka.

Kwa hiyo ninachokwenda kumwambia mkuu ni hiki. Kuwasha na kuchapa watajifunza njiani, ndani ya somo la hesabu, fizikia na jiografia, wala hakutakuwa na kipindi cha kompyuta kinachojitegemea. Mashine kumi zikae chumbani na makufuli yake, sina ugomvi na makufuli. Mbili zitoke: moja iwe seva ya Fundi, nyingine iende na projekta darasani, na projekta nitaiomba kwa mfadhili badala ya kompyuta mbili kama ni lazima. Jioni chumba kiwe wazi saa moja kwa wale walio nyuma, nianze nao pale walipo kama walivyofanya Delhi. Hiyo saa naitoa mimi, na mwenzangu wa kemia amekubali kupokezana nami.

Mwl_Fizikia, sheria yako ya kipanya nimeipenda kupita kiasi. Nina wasichana watatu wanaozidi darasa zima kwa hesabu na nina hakika bila sheria hiyo wangesukumwa pembeni siku ya kwanza.

---

Mstaafu:

Marahaba. Umenijibu sawasawa. Kweli, swali hilo sikuwahi kulipeleka shule za matajiri, na nimekagua nyingi. Endelea na mpango wako. Ila hiyo saa ya jioni iandikwe kwenye ratiba rasmi ya shule ikiwa na jina la mwalimu mwingine wa tatu, kwa sababu wewe ukihamishwa itakufa nawe ukiwa getini.

---

Mwalimu_wa_Hesabu:

Nimerudi na habari. Mkuu amesikiliza mpaka mwisho. Habari ya Peru ilimgusa, maana naye alishawahi kuona maabara iliyogeuka stoo. Amekubali masomo yaingie kwenye ratiba ya chumba, na barua ya kuomba projekta tumeiandika pamoja. Saa ya jioni imeandikwa, na jina la tatu lipo, mwalimu wa jiografia.

Amekwama sehemu moja: kompyuta ya kutoka chumbani kwenda darasani. Anauliza ikidondoka au ikipotea nani analipa. Walimu wenzangu wamenyamaza kwa sababu kila mmoja anaona kukatwa mshahara. Nyie mnaotoa vifaa nje ya chumba mnaandikaje?

---

Fundi_wa_Seva:

Swali zuri, na ndilo linaloua maabara kimyakimya. Mwalimu akijua atalipa, hataigusa, na kompyuta itazeeka ikiwa mpya.

Fungueni daftari la mkono, siyo faili la kompyuta. Kila mashine iwe na namba yake iliyoandikwa kwa rangi isiyofutika, juu ya kasha na chini yake, pamoja na namba ya kiwandani ndani ya daftari. Anayechukua anaandika saa, hali ya kifaa, na idadi ya vitu: kompyuta, chaja, waya wa projekta, kipanya. Anayerudisha anasaini mbele ya mwingine. Halafu kikao cha walimu kipitishe kwa maandishi kwamba kifaa kikiharibika katika matumizi ya somo, ni gharama ya shule, na mwalimu anawajibika tu kama hakusaini au alikiacha bila mtu. Bodi ya shule iweke muhuri. Pamoja na hilo mtenge fungu dogo kila muhula, hata kama ni la kununua vipanya na vijibetri tu.

Mashine ya kuzunguka iwe mpakato, wala si ya mezani. Kebo za projekta ndizo hufa kwanza, zinakatikia shingoni kwa kuvutwa. Ombeni mbili tangu mwanzo, na mfunge ya kwanza kwenye projekta kwa kamba ya plastiki ili mtoto akijikwaa avute kamba, siyo tundu.

Mkishapata orodha ya zinazokuja, niwekee hapa aina ya kila kompyuta na RAM yake. Nitakuandikia hatua za kuweka Linux na Kolibri, uzifanye kwanza kwenye mashine moja kabla hujagusa nyingine.